Upepo wa Kibaigwa: Vumbi la kiangazi linavyoingia kifuani na kwenye gunia

KIBAIGWA, Dodoma

Mfanyabiashara anayefika Kibaigwa mwezi Mei na mwenzake anayefika Septemba huona miji miwili tofauti. Wa Mei hukuta kijani bado kipo pembeni mwa barabara, mahindi mapya yanaanza kuingia sokoni na hewa imetakata. Wa Septemba hupokewa na vumbi jekundu lililolala juu ya mabati, maturubai na kope za makuli. Soko ni lilelile, lakini hewa imebadilika, na badiliko hilo lina gharama yake.

Kibaigwa iko wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma hadi Morogoro. Soko lake la kimataifa la mazao hupokea mahindi ya Kongwa na ya wilaya jirani kama Kiteto, mkoani Manyara. Kutoka hapo malori huelekea Dar es Salaam, au hupita Dodoma, Babati na Arusha hadi mpaka wa Namanga na kuingia Kenya.

Msimu mmoja, kiangazi kirefu

Mnunuzi aliyezoea vuli na masika hupaswa kuijua kalenda ya huku. Kanda ya kati ya Tanzania ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Kwa mwaka mzima Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi. Kuanzia Mei hadi Oktoba, tone la mvua ni habari.

Katika miezi hiyo hewa hupita hatua tatu. Juni na Julai ni kipupwe. Alfajiri ni baridi na upepo umetulia, hivyo moshi wa kuni na mkaa hubaki chini, usawa wa pua, hadi jua lipande. Kuanzia Agosti upepo wa kusini-mashariki hushika kasi, hasa adhuhuri na alasiri. Mashamba yamevunwa, mifugo imemaliza mabua, na udongo uko wazi. Hapo ndipo visulisuli huonekana vikizunguka uwandani. Kisha Septemba hadi Novemba huongezeka moshi wa mashamba, kwa kuwa wakulima wengi huandaa msimu kwa kuberega, yaani kufyeka na kuchoma masalia bila kulima. Mvua za kwanza ndizo huisafisha hewa.

Kongwa ilishatoa somo la udongo huu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapa mradi mkubwa wa karanga. Matrekta yaling'oa pori katika maeneo makubwa, lakini mvua haba na udongo unaokauka kuwa mgumu vikaushinda mradi huo, ukafutwa mwaka 1951. Ardhi kame ikivuliwa miti na majani, upepo huibeba.

Kinachoingia kifuani

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri chembechembe ndogo zaidi za hewani, zile zenye upana usiozidi mikromita 2.5, zisizidi wastani wa mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo katika saa 24. Chembe hizo hazionekani kwa macho na hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Nyingi hutokana na moshi. Vumbi la barabarani lina chembe kubwa zaidi, ambazo hukwama puani na kooni na kuamsha pumu na kikohozi.

Sokoni huongezeka vumbi la nafaka yenyewe. Kupukuchua, kuchekecha na kupakia mahindi hurusha makapi, pumba na mbegu za kuvu. Wanaoumia zaidi ni makuli, waendesha mashine na akina mama wanaochekecha, baadhi wakiwa na watoto mgongoni. Kitambaa puani hupunguza vumbi kubwa, lakini barakoa inayobana vizuri usoni ndiyo husaidia kwa chembe ndogo. Kikohozi kinachozidi wiki mbili kisifanywe cha vumbi tu. Kinahitaji kupimwa kifua kikuu.

Kinachoingia kwenye gunia

Upande wa pili wa hali hii ya hewa ni sumu kuvu. Kuvu wanaoitoa huishi udongoni, na upepo hubeba mbegu zao. Joto na ukame wakati mahindi yanakomaa huudhoofisha mmea, na kuvu huingia angali shambani. Mahindi yakianikwa juu ya udongo mtupu, huokota vumbi na kuvu kwa pamoja. Yakifungwa yakiwa mabichi, au yakinyeshewa njiani mvua zinapoanza, kuvu hustawi.

Madhara yake yanajulikana pande zote mbili za mpaka. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wagonjwa 68 waliripotiwa na 20 kati yao wakapoteza maisha.

Biashara nayo iliguswa Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu kuvu. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, shehena iwe na cheti cha mahali ilikotoka, na cheti kingine kuonyesha sumu kuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kiwango hicho ndicho kilichomo katika viwango vya Afrika Mashariki, ambavyo pia vinataka unyevu usizidi asilimia 13.5.

Unyevu huo ni fedha. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18 likikaushwa hadi 13.5 hubaki na kilo 95 hivi. Kwa lori la tani 30, mnunuzi amelipia tani moja na nusu ya maji.

Asiye na kipima unyevu anaweza kutumia chupa. Tia chumvi iliyokauka vizuri na mahindi kiasi katika chupa kavu ya kioo, tikisa, kisha subiri dakika chache. Chumvi ikiganda ukutani, unyevu umezidi asilimia 15 na mzigo haujawa tayari kusafiri. Jaribio hili halipimi sumu kuvu. Hiyo ni kazi ya maabara, na ifanyike kabla ya lori kuondoka, kwa kuwa kurudishwa kutoka Namanga ni gharama ya safari mbili.

Mkulima anayeanika juu ya turubai na kupukuchua mbali na barabara anastahili bei nzuri zaidi, maana amepunguza hatari ya mnunuzi. Na katika vijiji vya mkoa wa Dodoma, mpango wa Kisiki Hai unawafundisha wakulima kuyatunza machipukizi ya visiki vilivyokatwa hadi yawe miti tena. Miti hiyo hushika udongo na kuvunja upepo. Mnunuzi wa Nairobi hataiona, lakini faida yake ataipata kwenye gunia.