Mlango si Nyumba

Jirani yangu mmoja hapa Bombolulu, bibi mwenye umri wa miaka 67, alinijia jioni moja na karatasi ya kliniki akiomba nimsomee. "Mwanangu, nilipimwa saratani ya kizazi, nikaambiwa sina. Mbona basi siku zangu zimerudi?" Siku hizo zilikuwa zimemkoma miaka 15 nyuma.

Karatasi haikusema uongo. Kilichopimwa ni mlango wa kizazi. Lililompoteza bibi ni neno, nasi walimu tunaoishi kwa maneno hatuna budi kukiri sehemu yetu. Tangu Kenya ianze kuwachanja wasichana dhidi ya virusi vya HPV mnamo 2019, aghalabu husemwa kwa mkato "saratani ya kizazi" ilhali inayokusudiwa ni ya mlango wake. Ndani ya kizazi chenyewe, katika utando wake, huota saratani nyingine. Na katika misuli yake, kwa nadra sana, huota ile waganga waiitayo sarkoma. Kipimo cha mlangoni hakikuundwa kuzitafuta hizo.

Neno "uvimbe" nalo lina lawama yake. Fibroidi si saratani, na hedhi ikikoma kwa kawaida hunywea. Uvimbe unaokua baada ya hapo ni wa kutiliwa shaka. Daktari hupiga picha kwa mawimbi ya sauti, kisha huchota kipande cha utando kikapimwe. Lakini sarkoma iliyojificha misulini huweza kukwepa vyote viwili, ikajulikana tu baada ya kizazi kutolewa na kuchunguzwa maabarani. Ndiyo maana kizazi kinachoshukiwa hutolewa kizima. Mnamo 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha juu ya kukikatakata kwa mashine kingali tumboni, kwani chembe za saratani huweza kutapakaa. Dawa au mionzi huenda ikafuata, kwa kutegemea aina ya ugonjwa na ulikofikia.

Sikusudii kumtisha mtu. Mara nyingi damu ya uzeeni hutokana na mambo mepesi, kama vile utando kukonda. Ila hakuna iliyo ya kawaida, na haifai kungoja ikatike yenyewe.

Nilimwandikia bibi maneno ya kumpa daktari: "Natokwa na damu, na hedhi ilikoma miaka 15 iliyopita." Akaniomba, kwa haya, nilifute neno "damu" niandike "siku". Nilikataa.