Neno Moja, Kazi Nyingi

Tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kiingereza ni mojawapo ya lugha zake rasmi. Bidhaa zivukazo mpaka wa Uganda huja zimeandikwa Kiingereza, na sisi tuliosoma kwa Kifaransa twajiuliza: Mbona kitenzi cha lugha hii hakitulii?

Tutazame chupa ya dawa ya unga ya mtoto. Karatasi iliyobandikwa yaagiza unga uchanganywe na maji "boiled". Mama asiyeangalia mwisho wa neno aweza kudhani ni "boiling". Yote mawili yametoka katika kitenzi "boil", nayo yafanya hapa kazi ya neno la sifa. Lakini "boiled water" ni maji yaliyokwisha kuchemshwa. "Boiling water" ni maji yanayochemka sasa hivi. Herufi chache tu, na mtoto ataungua mdomo!

Basi tuzijue sura za kitenzi. Vitenzi vingi vina nne, kama "walk, walks, walked, walking". Kuandika kuna tano: "write, writes, wrote, written, writing". Kukata kuna tatu tu: "cut, cuts, cutting", maana "cut" hutumika hata kwa mambo yaliyopita. Kitenzi "be", yaani kuwa, kina sura nane.

Tena kitenzi hugeuka jina pasipo kubadilika hata kidogo. "Work" ni kufanya kazi, na "work" ni kazi yenyewe. Kwa nini? Miaka elfu iliyopita Waingereza walisema "lufian" kwa kupenda, na "lufu" kwa upendo. Karne kwa karne miisho ile ikadondoka, na maneno yote mawili yakawa "love". Tangu hapo, mara nyingi ni nafasi ya neno katika sentensi ionyeshayo kazi yake. Kwenye chupa ileile, "use" likianza amri ni kitenzi: tumia. Lakini "before use" ni kabla ya matumizi, nalo ni jina.

Tusistaajabu mno. Nasi twasema "Anapenda kuimba", kisha "Kuimba kwake kwapendeza". Hapo kitenzi kimekuwa jina. Katika "imba" twapata pia wimbo na mwimbaji. Tofauti ni hii: Kiswahili hulibadilisha neno mavazi; Kiingereza mara nyingi hulibadilisha kiti tu.

Kwa hiyo mtoto akileta kitenzi kipya kutoka shuleni, mwombeni awatajie sura zake zote, kisha atunge sentensi mbili: moja kikiwa kitenzi, nyingine kikiwa jina au neno la sifa. Na mbele ya chupa ya dawa msibahatishe kamwe. Msipokuwa na hakika, mwulizeni muuguzi kwanza.