Kiwambo cha Kompyuta Nyumbani: Kukijua, Kukichagua na Kukitunza

Alitujia mama mmoja wa Mji wa Kale, Jumatatu asubuhi, akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso mbili. Tulipozifungua tukakuta kiwambo cha kompyuta cha inchi 22, ambacho binti yake hukitumia kwa masomo ya chuo na, nyakati za jioni, kwa kuandika hesabu za chama cha kina mama wa mtaani kwao. Upande wa kulia palikuwa na doa jeupe mfano wa wingu. "Wanangu," alitwambia, "mimi nilikipangusa kwa nia njema, kwa ile dawa ya kusafishia vioo vya madirisha. Kila nikipangusa, wingu lazidi." Fundi tuliyemwita alikitazama kwa muda mfupi, kisha akasema kwa upole: "Mama, huu si uchafu. Ni ngozi ya kioo iliyoliwa na dawa."

Kubadilisha kioo chenyewe kungemgharimu karibu bei ya kiwambo kizima. Na kiwambo hicho alikinunua kwa zamu yake ya chama, aliyoingoja miezi 11. Tuliona haya kumwambia neno, kwani hata sisi hapa afisini tulikuwa tukipangusa viwambo vyetu kwa chochote kilicho karibu. Ndipo tukaazimia kulieleza jambo hili kwa urefu.

Tuanze na kilicho ndani. Herufi LCD zasimama badala ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya kiwambo cha fuwele oevu, yaani vitu vinavyotiririka kama maji ilhali chembe zake zimejipanga kwa utaratibu kama fuwele. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, alikuwa akichunguza kitu alichokitengeneza kutokana na kolesteroli ya karoti. Alipokipasha moto aliona kikiyeyuka mara mbili: kwanza kikawa ukungu mzito, kisha kwa joto la juu zaidi kikawa safi kabisa. Otto Lehmann wa Ujerumani akaendelea na uchunguzi huo. Ilipita miaka 80 hivi kabla ya wahandisi wa Marekani kuonyesha, mwaka 1968, kwamba fuwele hizo zaweza kutumiwa kuandika kwa mwanga.

Nyuma ya kiwambo pana taa inayowaka wakati wote. Mbele yake pana vichujio viwili vya mwanga, na baina yake zimo fuwele. Mfano wake ni kadi nyembamba inayopenyezwa kwenye fito za dirisha: ikisimama wima itapita baina ya fito zilizosimama, lakini ikifika kwenye fito zilizolala itakwama, ila pakiwa na mtu katikati wa kuigeuza. Fuwele ndizo mtu huyo. Umeme mdogo huziamuru zigeuze mwanga au zisiugeuze, na kwa kiasi gani. Kila kitone cha picha, kiitwacho pikseli, kina vidirisha vitatu vya rangi nyekundu, kijani na buluu, na kwa kuvichanganya hupatikana rangi zote. Kiwambo cha kawaida cha siku hizi kina vitone 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, navyo ni zaidi ya milioni mbili. Vidirisha vyake basi ni zaidi ya milioni sita.

Kichujio cha mbele ni utando wa plastiki, na aghalabu juu yake hupakwa kitu cha kupunguza mng'ao. Hiyo ndiyo "ngozi" aliyoitaja fundi. Dawa za madirisha nyingi zina amonia au spiriti, navyo huila ngozi hiyo. Kioo cha dirisha ni kioo. Kiwambo hiki usoni mwake si kioo, ingawa sote twakiita hivyo.

Sasa kwa anayekusudia kununua. Ukubwa hupimwa kwa inchi kutoka pembe hadi pembe. Kwa meza ya nyumbani, ambapo mtu huketi umbali wa mkono ulionyooshwa, inchi 22 hadi 24 zatosha kabisa. Wauzaji hupenda kumsukumia mteja inchi 27, lakini vitone vikibaki 1920 kwa 1080 maandishi yake huonekana ya kukwaruza, kwa kuwa vitone ni vile vile vilivyotandazwa zaidi. Aina ya fuwele nayo ina maana kubwa. Ile iitwayo TN ni rahisi kwa bei, ila ukikitazama kiwambo kwa upande au kwa chini rangi hubadilika. IPS huonyesha rangi karibu sawa kwa kila anayetazama, na kwa nyumba ambayo watoto watatu hukaa mbele ya kompyuta moja, au kwa mshonaji anayemchagulia bi harusi rangi ya kitambaa, twaona ni bora kuongeza fedha kidogo. VA ni ya katikati. Weusi wake hukolea vizuri.

Tazama pia matundu ya nyuma. Kompyuta kuukuu nyingi zina VGA, lile tundu la buluu lenye pini 15, na viwambo vipya aghalabu ni HDMI. Waya mtupu wa kuunganisha hizi mbili hautoshi, kwa sababu moja huchukua ishara za mtindo wa kale na nyingine za kidijitali, panahitajika kibadilishi. Wengi wameuziwa waya usiofanya kazi, wakadhani kiwambo ni kibovu.

Kuhusu umeme, kiwambo cha LCD cha wati 25, kikiwaka saa 6 kwa siku, hutumia yuniti 4.5 kwa siku 30. Kile kizito cha kale chenye mgongo, cha wati 80, kingetumia 14.4 kwa muda huo huo. Anayepewa cha kale bure na ajue kwamba atakilipia kwenye tokeni.

Viwambo vingi vinavyouzwa mjini Mombasa vimetumika ng'ambo. Hatuoni ubaya wa kuvinunua, bali ubaya ni kununua kwa haraka. Mwombe muuzaji akiwashe kwa nusu saa mbele yako. Fungua ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi, mwekundu, wa kijani na wa buluu, kila mmoja ujaze kiwambo chote, utazame kama pana vitone vilivyokufa, mistari, au mwanga unaovuja pembeni. Weupe ukiwa wa manjano, huenda taa yake imechoka. Viwambo vya zamani vilitumia taa za mirija zenye zebaki kidogo, kwa hiyo kikifa kisivunjwe wala kuchomwa jalalani.

Nasi tuliwahi kuumwa na nyoka huyo. Tulinunua kiwambo dukani, siku ya tatu mstari ukatokea katikati, na mwenye duka akatujibu kwamba bidhaa ikishavuka mlango si yake tena. Sheria yetu haisemi hivyo. Muuzaji ana wajibu wa kubainisha aibu anayoijua, na mnunuzi ana khiyari ya kurudisha akikuta aibu ya tangu awali aliyofichwa. Lakini haki isiyoandikwa ni ngumu kuidai. Takeni risiti yenye tarehe na siku za kurudisha, hata kama muuzaji ni jamaa. Hasa akiwa jamaa.

Huku kwetu pwani kiwambo kina maadui wasiotajwa katika vijitabu vya watengenezaji. Upepo wa kusi na kaskazi huja na chumvi, nayo hutia kutu kwenye matundu na ndani ya mtambo; meza ya kompyuta isielekezane na dirisha la baharini. Moshi wa udi na ubani ni sunna za nyumba zetu, lakini huacha utando wa mafuta kwenye kiwambo, kwa hiyo chetezo kiwekwe mbali. Mijusi na sisimizi hupenda joto la matundu ya nyuma. Funika kwa kitambaa cha pamba baada ya kuzima na kupoa, wala si kwa plastiki, ambayo hufungia unyevu. Na kikitoka chumba chenye baridi ya mashine kwenda chumba chenye joto, kiache saa moja au mbili kabla ya kukiwasha, umande ukauke.

Kukisafisha, kizime na uchomoe waya. Pangusa kwanza kikavu kwa kitambaa laini cha miwani. Doa likikataa, lowesha kitambaa kidogo, kisidondoke maji. Usinyunyizie kiwambo chenyewe, kwani tone likiteremka ukingoni huingia kwenye umeme. Maji ya visima vyetu yana chumvi na huacha alama nyeupe. Tumia maji yaliyotoneshwa. Usikandamize kwa kidole. Na pale umeme unaporuka-ruka, kifaa cha kuukinga ni rahisi kuliko kiwambo kipya.

Macho nayo ni amana. Ibn al-Haytham alieleza, yapata miaka 1000 iliyopita, kwamba tunaona kwa mwanga unaoingia machoni, na kiwambo ni taa tunayoikodolea kwa saa nyingi. Shika karatasi nyeupe kando yake: kiking'aa kuliko karatasi, punguza mwanga. Ukingo wa juu uwe usawa wa macho au chini kidogo, na dirisha liwe ubavuni. Mtu akitazama kiwambo hupepesa macho kwa nadra, ndiyo maana hukauka na kuwasha. Kila dakika 20 watoto watazame kitu cha umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Mnara wa msikiti ukionekana dirishani wafaa sana. Tungependa pia kiwambo kikae ukumbini, si chumbani mwa watoto. Hili si la macho, bali la malezi, na kila mzazi ajua sababu.

Yule mama alirudi na kiwambo chake nyumbani. Binti yake amehamishia daftari la chama upande wa kushoto, ambako hakuna wingu, na huko ndiko anakoandikia. Zamu ya mama itarudi baada ya Idi.