Kompyuta ya baiskeli: Usinunue kwa wingi wa tarakimu

WIKENDI zinapofika, familia nyingi za mjini hutoa baiskeli vyumbani na kuelekea kwenye vijia vya Msitu wa Karura, kwenye Milima ya Ngong au mbali zaidi huko Hell's Gate, Naivasha. Wanafunzi nao wamejiunga. Na kama ilivyo desturi ya kila mchezo, haichukui muda kabla ya mtu kuanza kuwazia vifaa.

Miongoni mwa vifaa vinavyotamaniwa sana siku hizi ni kompyuta ya baiskeli yenye GPS. Hiki ni kijisanduku kidogo kinachofungwa kwenye usukani, ambacho humwonyesha mwendeshaji kasi, umbali, mwinuko na mahali alipo. Dukani, muuzaji atakuorodheshea mambo mengi ajabu ambayo kifaa hiki kinaweza kupima. Hata hivyo, wahenga walinena kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Kwa mtu anayeendesha baiskeli milimani na misituni, swali la kwanza halifai kuwa ni mambo mangapi kifaa kinapima. Swali ni je, kitamwonyesha njia ya kurudi nyumbani kabla ya giza?

Swali hili si dogo. Nairobi, jua hutua mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni karibu mwaka mzima, na giza huingia upesi. Kundi lililopotea njia saa kumi na moja msituni lina muda mchache sana wa kujitafuta.

Inavyofanya kazi

Wapo wanaodhani kwamba GPS hutumia mtandao wa simu na kwamba watalazimika kununua data kila wanapotoka. Sivyo. Kifaa hupokea tu ishara za redio kutoka kwa setilaiti zinazozunguka dunia kwa umbali wa takriban kilomita 20,200 juu yetu. Kikipata ishara za setilaiti zisizopungua nne, hupiga hesabu ya muda ambao kila ishara imetumia njiani na kujua mahali kilipo. Hakuna malipo wala laini ya simu inayohitajika.

Mfumo huu ni wa jeshi la Marekani. Hadi Mei 2000, ishara iliyotolewa kwa raia ilikuwa ikivurugwa kwa makusudi, na kifaa kingeweza kukosea kwa hadi mita 100. Rais Bill Clinton ndiye aliyeamuru uvurugaji huo ukomeshwe. Aidha, siku hizi kuna mifumo mingine kama vile GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya Uchina. Kompyuta nyingi za baiskeli husikiliza zaidi ya mfumo mmoja, na hilo ni jambo la kwanza la kuuliza dukani.

Miti na mabonde

Barabarani penye anga wazi, karibu kila kifaa hufanya kazi vyema. Shida huanza msituni. Majani mazito, hasa yakiwa yamelowa, hudhoofisha ishara. Katika bonde lenye kuta za mawe, ishara hugonga ukuta kwanza kabla ya kukufikia, na kifaa hudhani uko mahali ambapo hupo.

Dawa mojawapo ni kifaa kinachopokea ishara za setilaiti katika masafa mawili tofauti badala ya moja. Vifaa vya aina hii hutambua vyema zaidi ishara zilizogonga mahali, ingawa humaliza betri haraka.

Isitoshe, kuna suala la kona. Kifaa cha kawaida huandika mahali ulipo mara moja kwa sekunde. Ukienda kwa kilomita 18 kwa saa, unasonga mita 5 kila sekunde. Kwenye kijia chenye kona za kukunjamana, kifaa huunganisha nukta hizo kwa mistari iliyonyooka na kuzikata kona zako. Mwisho wa safari, umbali unaoonyeshwa unaweza kuwa mfupi kuliko ule uliopiga pedali.

Suluhisho lake ni la kizamani na si la gharama kubwa likilinganishwa na bei ya kompyuta yenyewe: kipimo cha gurudumu. Hiki ni kidude kinachofungwa katikati ya gurudumu kuhesabu mizunguko, kisha hutuma hesabu kwa kompyuta bila waya. Gurudumu halijali miti wala mabonde. Lakini lazima kompyuta iambiwe mzingo sahihi wa tairi. Tairi nene la inchi 29 husonga takriban mita 2.3 kwa mzunguko mmoja, ilhali la inchi 26 husonga karibu mita 2.07. Ukiwa na tairi la inchi 29 na kompyuta ikidhani ni la inchi 26, utanyimwa takriban mita 100 katika kila kilomita.

Kupima ni rahisi, na watoto wanaweza kusaidia. Chora alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, panda baiskeli ili tairi libonyee kama kawaida, sukuma hadi alama irudi chini, kisha pima kwa futi ya kamba. Andika jibu katika milimita.

Mwinuko

Kwa mwendeshaji wa milimani, mwinuko ni muhimu kuliko kasi. Kilomita 10 za kupanda kuelekea kilele cha Ngong, chenye urefu wa mita 2,460, si sawa na kilomita 10 za barabara tambarare. Ukijua kiasi cha mlima kilichosalia, utajua ugawe vipi nguvu na maji.

GPS peke yake ni hafifu katika kupima urefu. Chagua kifaa chenye baromita ndani, yaani kipimo cha shinikizo la hewa, ambalo hupungua kadiri unavyopanda. Nayo ina udhaifu wake: hali ya anga ikibadilika, shinikizo hubadilika hata kama umesimama, na kifaa kitadai kwamba umepanda. Kwa hivyo, kabla ya kuondoka, kirekebishe mahali ambapo urefu wake unajulikana. Pia hakikisha kwamba kitundu cha kuingizia hewa hakijazibwa na matope.

Mstari au ramani?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kuna vifaa vinavyoonyesha mstari mtupu wa njia uliyopita au unayopaswa kufuata, na vingine vina ramani kamili ya barabara, mito na vijia. Mfano wa kundi la kwanza ni Edge 130 Plus ya kampuni ya Garmin, iliyotolewa mwaka 2020. Kundi la pili lina mifano kama Edge 540 ya kampuni hiyo hiyo, iliyotolewa 2023.

Mstari unatosha kwa anayezunguka njia anazozijua. Ukipotea, utarudi kwa kufuata nyayo zako. Lakini iwapo mto umefurika au njia imefungwa na ni lazima utafute nyingine, mstari hautakwambia kitu. Ramani itakuonyesha kijia kilicho umbali wa mita 300 upande wa kushoto.

Hata hivyo, ramani ni nzuri tu kama watu walioichora. Kompyuta nyingi za baiskeli hutumia OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea. Wakenya wana historia ya kujivunia hapa. Mwaka 2009, vijana wa Kibera walipita vichochoro vya mtaa wao wakiwa na vifaa vya GPS na kuuweka kwenye ramani hiyo, wakati ambapo ramani nyingi ziliuonyesha kama sehemu tupu. Mradi huo uliitwa Map Kibera. Basi kabla ya kununua, fungua OpenStreetMap na utazame eneo unaloendeshea. Ikiwa vijia vyako havimo, hata kifaa cha bei ghali hakitakuwa navyo. Na wewe mwanafunzi, unaweza kuwa ndiye utakayeviongeza.

Kumbuka pia kwamba baadhi ya vifaa vinavyouzwa Ulaya au Marekani huja na ramani za huko pekee. Uliza kama ramani ya Afrika Mashariki imo au inaweza kupakuliwa bila malipo zaidi.

Betri, vitufe na kamba

Watengenezaji wanasema betri ya Edge 540 hudumu hadi saa 26. Tarakimu kama hizo hupatikana katika hali nzuri. Taa ya skrini, masafa mawili na kuunganishwa na simu hupunguza muda huo, na betri yenyewe huzeeka. Kanuni ya busara ni hii: tafuta betri inayotajwa kudumu angalau mara mbili ya safari yako ndefu zaidi.

Kuhusu skrini, iangalie nje juani, si ndani ya duka. Skrini ya kugusa hupendeza, lakini mvua, matope na glavu huisumbua. Vitufe hubonyezwa hata mikono ikiwa michafu. Vifaa vya ELEMNT vya Wahoo na vingi vya Garmin vina vitufe. Mfano Edge 840 ina vyote viwili.

Tena, ulizia kiwango cha kuzuia maji. Alama ya IPX7 ina maana kwamba kifaa kinaweza kuzama mita 1 kwa nusu saa bila kuharibika. Hatimaye, kifunge kwa kamba nyembamba kwenye usukani. Mteremko wenye mawe hutikisa kila kitu, na kifaa kilichochomoka kwenye nyasi ndefu hakipatikani kwa urahisi.

Kisichofanywa na kifaa

Vifaa vingi sasa hutambua ajali na kutuma ujumbe kwa jamaa zako. Wazazi hufurahia sana habari hii. Lakini ujumbe huo, katika vifaa vingi, hutumwa kupitia simu iliyo mfukoni. Simu ikiwa imezimika, au ukiwa bondeni pasipo na mtandao, hakuna ujumbe utakaotoka.

Isitoshe, ramani haionyeshi mvua inayonyesha mbali. Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliwaua watalii kwenye korongo la Hell's Gate. Kwa hivyo kifaa hakichukui nafasi ya mambo ya kale: mwambie mtu wa nyumbani njia utakayopita na saa ya kurejea, usiende peke yako, uliza askari wa wanyamapori kuhusu hali ya njia, na hifadhi simuni nambari za dharura 999, 112 na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu.

Kuna tahadhari nyingine. Mwendeshaji anapochapisha safari zake kwenye Strava au mitandao kama hiyo, huonyesha pia zinapoanzia, yaani nyumbani kwake ambako baiskeli hulala. Mapema 2018, mwanafunzi mmoja wa Australia alionyesha ulimwengu jinsi ramani ya Strava ilivyofichua kambi za kijeshi, kwa sababu tu askari walikuwa wakirekodi mazoezi yao. Ikiwa kambi hufichuka, sembuse nyumba yako? Mitandao hii ina namna ya kuficha eneo la mwanzo na mwisho. Itumie tangu siku ya kwanza.

Je, ni lazima ununue?

La, si lazima. Simu uliyo nayo ina GPS. Ukipakua ramani ukiwa nyumbani kwa programu kama Organic Maps au OsmAnd, itakuongoza bila data. Kwa mwanafunzi anayeenda Karura mara mbili kwa mwezi, hilo latosha. Iweke mfukoni au begini badala ya kuifunga kwenye usukani, maana mtikisiko haufai kamera. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitahadharisha kwamba mtetemo wa pikipiki unaweza kuharibu kamera za simu zake. Betri ya simu nayo iachwe kwa ajili ya kuomba msaada.

Anayeenda mbali, milimani, saa nyingi na mara kwa mara, ndiye anayehitaji kifaa maalumu. Edge 540 ilipozinduliwa 2023, bei yake Marekani ilikuwa dola 349.99, kabla ya usafirishaji na ushuru. Kampuni kama vile Bryton ya Taiwan na iGPSPORT ya Uchina hutengeneza vifaa ambavyo aghalabu huuzwa kwa bei nafuu zaidi. Ukinunua kilichotumika, kijaribu kwanza: kiwashe nje, subiri kipate setilaiti, bonyeza kila kitufe na uone betri inashuka vipi kwa saa moja.

Ukiwa na kiasi fulani cha fedha, ligawe hivi: kwanza ramani ya eneo lako, pili betri, tatu vitufe na skrini inayosomeka juani, nne baromita, tano kipimo cha gurudumu. Hesabu za kuruka na za ugumu wa njia zije mwisho, fedha zikibaki. Na kabla ya hayo yote, hakikisha kofia ngumu, breki na matairi ni sawa. Baiskeli isiyo na breki haina haja ya kujua inakwenda kwa kasi gani.