Siha ya Mtoto Mwenye Usonji

Tangu tabibu Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipochapisha mwaka 1943 habari za watoto 11 ambao hali yao haikuwahi kuelezwa kwa ukamilifu namna ile, wataalamu wameshughulika mno na usemi wa mtoto mwenye usonji na maingiliano yake na watu, ilhali siha ya mwili wake aghalabu imesahauliwa. Nao wengi wa watoto hawa hupata taabu kusimama kwa mguu mmoja, kudaka mpira au kupatanisha mikono na miguu. Fauka ya hayo, michezo ya timu, kwa makelele yake na amri zake za ghafla, huwatoa uwanjani kabla hawajatoka jasho.

Mwaka 1984 wataalamu wa Marekani, Kern, Koegel na Dunlap, walilinganisha dakika 15 za kuchezea mpira kwa upole na dakika 15 za mchakamchaka usiokatika. Mpira haukuleta tofauti ya kutajika. Mbio zilifuatwa na upungufu wa zile harakati za kujirudiarudia ambazo walimu wamezoea kuziona darasani. Huko Iran nako zimejaribiwa kata za karate, yaani mifuatano ya miondoko ambayo mpangilio wake haubadiliki, na mtoto apendaye utaratibu huona raha kujua kitakachofuata.

Maadamu hali ndiyo hiyo, mwalimu na apange zoezi kwa picha zilizobandikwa ukutani, kila picha hatua moja, saa ile ile na mahali pale pale. Aseme machache, atende mwenyewe ili aigwe, aanze kwa dakika chache na kuongeza taratibu. Kuogelea kunafaa sana, ila kwa hadhari kubwa, kwani wengi wao huvutwa na maji pasipo kukihofu kina; sharti mtu mzima awe karibu kiasi cha kumshika.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limependekeza angalau wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kwa siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, wenye ulemavu wakiwamo. Kwa hiyo shule inayomwacha mtoto huyu kivulini wakati wenzake wakikimbia, hata ikidhani inamhurumia, inamnyima haki yake. Na kumrudishia hakugharimu zaidi ya njia tambarare, picha chache na mwalimu mwenye subira.