Pumzi na Watu wa Nyumbani

Uzee husingiziwa mambo mengi yasiyokuwa yake, na mojawapo ni kukatika kwa pumzi. Mzee ambaye zamani alikwenda sokoni na kurudi na kapu lake bila ya kutweta, akianza kusimama mara tatu njiani kwa kisingizio cha kuamkiana na watu, jamaa zake husema kwamba umri umemwelemea. Na bibi ambaye kila alfajiri hukohoa hata jua likatoka, huambiwa kwamba hicho ni kikohozi cha moshi wa jikoni, kana kwamba moshi ni kitu kisichodhuru. Hivyo maradhi hukaa ndani ya nyumba miaka kumi au ishirini bila ya kutajwa, yakila pumzi ya mtu kidogo kidogo, mpaka siku mwenyewe anaposhindwa kufunga vifungo vya kanzu yake bila ya kupumzika, ndipo hukimbizwa hospitali usiku wa manane.

Na jina maradhi haya yanalo. Matabibu huyaita maradhi sugu ya kuziba kwa njia za hewa, na katika vyeti huyaandika kwa herufi nne, COPD. Vijia vidogo vya hewa vilivyomo mapafuni huvimba, hukaza na kujaa belghamu, na vifuko vyembamba ambamo hewa safi hupita kuingia katika damu huchakaa, hata pafu likapoteza ule mnyumbuko wa kulirudisha katika hali yake baada ya pumzi kuvutwa. Wengi hudhani kwamba mgonjwa hawezi kuingiza hewa, kumbe taabu yake kubwa ni kuitoa: hewa ya zamani imefungika ndani, na hii mpya haina mahali pa kukaa. Kilichokwisha kuharibika hakirudi. Shirika la Afya Duniani limehesabu kuwa mwaka 2021 watu wapatao milioni 3.5 walifariki kwa maradhi haya ulimwenguni.

Katika nchi tajiri lawama iliyo kubwa ni ya tumbaku. Kwetu tumbaku ina fungu lake, ila haiko peke yake. Huko Masindi, Uganda, wachunguzi waliowapima watu wazima wa vijijini walitangaza mwaka 2015 kwamba 16.2 kwa mia miongoni mwao walikuwa na maradhi haya, na wanawake, ambao ni wachache wavutao sigara, hawakusalimika kuliko wanaume. Kwa maana takriban nyumba zote zilipikia kuni. Tena wapo waliougua kifua kikuu wakapona, wakapewa cheti cha kupona, lakini mapafu yao yakabakia na makovu ambayo huwaletea dhiki iyo hiyo ya pumzi kwa maisha yao yote.

Sasa, maadamu maradhi hayaponi, na maadamu mgonjwa humwona tabibu kitambo kidogo kisha hurudi kuishi na kifua chake jikoni, chumbani na njiani, ni nani atakayemfundisha namna ya kuishi nacho? Swali hili lilishughulikiwa kwa bidii huko Quebec, nchini Kanada, na Dakta Jean Bourbeau wa Montreal pamoja na wenzake. Walichagua wagonjwa 191 ambao kila mmoja alikwisha kulazwa hospitali japo mara moja katika mwaka uliotangulia kwa sababu ya kuzidiwa, wakawagawa mafungu mawili kwa kura. Fungu la kwanza liliendelea na matibabu ya kawaida. Fungu la pili, juu ya matibabu hayo, lilijiwa nyumbani mara moja kwa wiki, kwa muda wa miezi miwili, na mhudumu wa afya aliyefunzwa kazi hiyo, akaketi na mgonjwa kiasi cha saa nzima wakisoma pamoja kitabu kilichoandikwa kwa lugha nyepesi; kisha akampigia simu kila mwezi kumjulia hali, na mgonjwa naye akawa na ruhusa ya kumpigia alipotaka. Hapakuwa na dawa mpya wala mtambo. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2003 ilionyesha kwamba katika mwaka ule mmoja kulazwa hospitali kwa ajili ya kuzidiwa kulipungua kwa 39.8 kwa mia katika fungu lililotembelewa.

Elimu inayopelekwa mlangoni kwa namna hii ni ya mambo madogo, na udogo wake ndio unaowafanya watu waidharau. La kwanza ni kupumua. Mgonjwa hufundishwa kuvuta pumzi kwa pua taratibu, kisha kuitoa kwa midomo iliyokunjwa, kama mtu apozaye chai katika kikombe asitake imwagike, muda wa kutoa ukiwa maradufu ya muda wa kuvuta. Hiyo si hirizi. Upepo ule mwembamba unaopita midomoni husukuma nyuma na kuzizuia njia dhaifu zisifunge kabla ya hewa kutoka. Hufundishwa pia kwamba anapobanwa asilale chali, bali aketi, ainame mbele kidogo, viwiko juu ya magoti, na watu waliomzunguka kwa huruma wampishe apate upepo. Kazi nazo zina adabu zake: kumenya muhogo ukiwa umeketi juu ya kigoda badala ya kuinama, kuoga ukiwa umeketi, kutoa pumzi wakati wa kunyanyua na siyo kuizuia. Nao wazee ambao huona haya kukaa juu ya kiti katika sala wakumbushwe kwamba sheria yenyewe imekwisha kumpa mgonjwa ruhusa ya kuswali ameketi.

La pili ni kutembea, na hapa ndipo penye mapambano, kwa kuwa adui aliyepo ni hofu. Mtu akitweta mara moja huogopa, akiogopa hukaa, akikaa misuli ya miguu hunyauka, na misuli iliyonyauka hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ile ile, basi safari ijayo hutweta mapema kuliko mara ya kwanza, naye husadiki kwamba alifanya vyema kukaa. Watoto wake, kwa mapenzi, humnyang'anya ndoo na ufagio, wakamkalisha barazani kama mgeni, na mapenzi hayo yakamdhoofisha. Kutweta kwa kiasi wakati wa kutembea hakuliongezei pafu uharibifu. Aanze leo kutoka mlangoni mpaka mnazi wa kwanza, apumzike, arudi. Wiki ijayo mnazi wa pili. Katika Australia wachunguzi walijaribu mazoezi ya nyumbani kwa wagonjwa 166, ambapo waliofanyia nyumbani walitembelewa na mtaalamu wa viungo mara moja tu na kupigiwa simu mara saba, wiki baada ya wiki, na mwisho wa muda huo mwendo wao haukupungua kwa wale waliokwenda hospitali kufanya mazoezi. Walakini baada ya mwaka faida ilikwisha kufifia kwa wote, wa nyumbani na wa hospitali, kwa sababu mwili husahau usipokumbushwa.

La tatu ni dawa ya kuvuta, ile pampu ndogo iitwayo inhela. Wengi huibana kabla ya wakati au baada yake, dawa ikaishia ulimini, nao wakasema kwamba dawa haifai. Itikiswe kwanza, mtu atoe pumzi yote, abane huku anaanza kuvuta taratibu, kisha aizuie pumzi kwa hesabu ya kumi. Asiyeweza kuoanisha mkono na pumzi hutumia chombo cha kati, na ambaye hana fedha ya kukinunua ajue kwamba Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999, kwa watoto waliobanwa na pumu, kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa vizuri kitakoni ifanye kazi hiyo, hufaa sawasawa na chombo cha dukani.

La nne ni kuzijua dalili za kuzidiwa kabla ya kuzidiwa kwenyewe. Ni tatu: pumzi kuzidi kuwa fupi kuliko kawaida ya mtu mwenyewe, belghamu kuongezeka, na rangi yake kugeuka kuwa ya manjano au kijani. Kwa hiyo mgonjwa hupewa karatasi ya rangi tatu. Penye kijani pameandikwa hali yake ya kila siku. Penye manjano, atakalofanya zikija dalili, pengine kuanza dawa za akiba ambazo tabibu wake amekwisha kumpa na kumweleza. Penye nyekundu, kama vile midomo kuwa ya samawati, usingizi mzito usio wa kawaida, au kushindwa kumaliza maneno, atafutiwe gari hima.

Ingekuwa dhuluma kwa msomaji kumwachia habari njema peke yake. Nchini Marekani, katika hospitali za maaskari wastaafu, jaribio la mafunzo na karatasi ya namna hii lilisimamishwa kabla ya muda wake baada ya kuandikishwa wagonjwa 426, kwa sababu katika fungu lililofundishwa walikufa watu 28, na katika fungu la matibabu ya kawaida walikufa 10. Sababu ilitafutwa isionekane. Habari hiyo iliyochapishwa mwaka 2012 imenifikirisha mno. Mimi sioni kwamba inavunja kazi ya Quebec, lakini inamkataza mtu yeyote kugawa karatasi na vidonge kisha akaenda zake akidhani amefanya hisani. Dawa za akiba bila ya mtu wa kuulizwa ni hatari.

Mwaka uo huo zilichapishwa habari za Glasgow, Uskochi, ambako wauguzi waliwaendea nyumbani nusu ya wagonjwa 464 kwa muda wa mwaka mzima. Ukiyatazama mafungu mawili kwa jumla, hapakuwa na tofauti ya kulazwa wala ya kufa. Lakini walipowachungua wale waliofundishwa, waliona kwamba takriban wanne katika kila kumi waliishika elimu ile kweli kweli, na hao walilazwa mara chache kuliko wenzao. Ni akina nani hao? Aghalabu walikuwa wenye umri mdogo zaidi, na wasioishi peke yao.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama, kwa kuwa neno "kujitunza" hupotosha. Latufanya tumwone mtu mmoja aliyeketi na kitabu chake, hodari, asiyemtegemea yeyote. Ilhali mtu mwenye dhiki ya pumzi huchelewa kuona kwamba anazidiwa, na pengine mkewe ndiye wa kwanza kusikia kwamba sauti ya kukohoa usiku wa jana haikuwa ile ya siku zote. Basi anayebisha hodi kufundisha asimfundishe mgonjwa faraghani. Awaite wote waliomo, mke, binti mpishi, mjukuu ajuaye kusoma.

Na wabisha hodi hao hatuwakosi. Kenya ilizindua mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waingiao nyumba kwa nyumba, na Tanzania nayo ina watu wake wa kazi hiyo. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, wataalamu wa Makerere waliwafanyisha mazoezi wagonjwa waliobaki na makovu ya kifua kikuu, mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, na hali zao zikatengenea, jambo lionyeshalo kwamba elimu hii haikataliwi na udongo wetu. Kilichobaki ni kuitia katika mkoba wa mhudumu, kando ya chombo cha kupimia presha. Tena huku kwetu ana kazi moja ambayo mwenzake wa Montreal hakuwa nayo, nayo ni kutazama mafiga yalipo: yakitolewa ukumbini yakawekwa uani, au kuni zikabadilishwa kwa gesi pale fedha ipatikanapo, na mvuta tumbaku akasaidiwa kuiacha, maradhi hupunguziwa chakula chake cha kila siku.

Katika nyumba iliyofundishwa hivyo, karatasi ya rangi tatu hutundikwa ukutani kando ya kalenda, palipo na mwanga, kwa urefu wa macho ya mtoto. Asubuhi mjukuu, kabla ya kwenda shule, husimama mbele ya babu yake.

"Shikamoo, babu. Makohozi ya leo rangi gani?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Meupe."