Ubani na jamaa yake wa msituni

Neno la Kifaransa parfum, yaani manukato, linalosikika kila siku madukani Kisangani, lina asili ya Kilatini, na ndani yake mna maana ya moshi. Kiswahili nacho kina kufukiza, tendo linalotokana na kufuka. Watu wa kale hawakuwa na spiriti ya kuyeyushia manukato. Harufu waliihifadhi kwenye mafuta na shahamu, au waliipandisha juu ya makaa.

Wamisri walibobea katika kazi hiyo. Fukizo lao mashuhuri, kifi, lilichanganya divai, asali, zabibu kavu, manemane na viungo vingine, na kanuni yake imechongwa ukutani katika hekalu la Edfu. Lakini manemane na ubani havikuota kwao. Karibu mwaka 1470 kabla ya Kristo, farao wao Hatshepsut alituma merikebu hadi Punt, nchi ambayo wataalamu wengi huiweka katika eneo la kusini la Bahari ya Shamu na katika Pembe ya Afrika. Michoro ya hekalu lake huko Deir el-Bahari huonyesha watu wakibeba miti mizima ndani ya vikapu, mizizi ikiwa bado na udongo wake. Ni ushahidi mzuri wa thamani ya harufu: hawakuridhika na utomvu, waliutaka mti wenyewe. Miaka kama 1,500 baadaye, kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus bado kinataja ubani na manemane katika bandari za pwani ya Somalia ya leo.

Ubani hauharakishwi. Mchumaji hukwangua gome, utomvu mweupe hutiririka taratibu kama machozi, kisha yeye husubiri siku kadhaa ugande ndipo aubandue.

Jamaa wa mti wa ubani yumo katika misitu ya mvua ya Kongo, hata ile ya jimbo la Tshopo. Wanasayansi humwita Canarium schweinfurthii, wa ukoo wa Burseraceae pamoja na ubani na manemane. Wenzake huvumilia majabali makavu. Yeye hupenda mvua, na huweza kufikia mita 50. Gome likijeruhiwa hutoa utomvu wenye kunata, unaonuka kama tapentaini, ambao ukikauka huwa wa manjano. Waganda huuita mti huo mwafu, na utomvu wake huuchoma kwa jina la obubaani. Matunda yake ya zambarau hulowekwa kwenye maji ya moto kidogo, yakalainika, yakaliwa.